Nyuki Kwenye Kabati la Wifi

Mtu akikuambia moto ulikula mlima, usidhani anapamba maneno. Ulikula. Ulianzia kwenye nyasi za ng'ambo, wapi hasa na kwa mkono wa nani mpaka leo watu wanabishana, na kila mmoja ana wake wa kumnyooshea kidole. Upepo ukaupokea, ukaupandisha mpaka kileleni, kisha ukaushusha upande wetu. Kufika alasiri nyumba za juu zilikuwa kuta tupu, maghala ya mahindi yanafuka moshi, na mbuzi waliosahauliwa kwenye kamba... we acha tu. Watu wakahamia shuleni, madarasa yakawa vyumba vya kulala, blanketi za msaada zikagawiwa mlangoni kwa kelele na kusukumana.

Na wanyama je, nani aliwagawia blanketi? Ngedere waliokuwa wakitutukana toka mitini walishuka wakakaa kwenye ukuta wa duka kama abiria walioachwa na basi, hawana hata nguvu ya kuiba ndizi. Digidigi mmoja aliingia zizini kwa mwalimu, kwato zimebabuka, akalala katikati ya mbuzi, na mbuzi wenyewe wakamsogelea tu. Kobe tuliokota magamba. Kisha asubuhi zikawa hazina ndege. Hilo ndilo lililowatia watu hofu kuliko yote, kufumbua macho kumekucha na hakuna wa kukuambia kumekucha.

Mama Nyuki alipoteza kama wengine, na zaidi. Jina lake hilo alipewa na watu, maana mizinga aliyotundika kule juu hakuna aliyewahi kuwa na mingi kama yake. Mizinga yote iliungua. Nyumba iliungua. Na mume wake, aliyepanda na wanaume wenzake kuupiga moto kwa matawi mabichi, hakurudi. Upepo ulipogeuka wenzake walishuka wakikohoa, macho yamevimba, na mmoja akasema alimwona akigeuka kurudi juu, ndani ya moshi. Walimleta kesho yake wamemfunika kwa shuka.

Aliyempokea alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mshonaji wa nguo ambaye nyumba yake ilisalimika kwa kuwa iko chini, kando ya barabara. Watu wanamwita Bi Fundi, na ukiwa na akili hutamwita vinginevyo. Hakumkaribisha kwa maneno matamu. Jioni ya mazishi alikusanya vitambaa vilivyojaa kitandani, akavitupa kwenye kiti, akasema, "Utalala hapa." Basi.

Chumba chenyewe kilikuwa hichohicho cha kazi. Cherehani dirishani, mkasi ukining'inia kwa kamba ili wateja wasiuazime, vipande vya nguo mpaka chini ya mto, na kabati ukutani. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Alifagia, alichota maji, alishona vifungo mpaka vidole vikaota sugu. Lakini kati yao palikuwa na kitu, na mtaa mzima ulikijua. Wakati wa msiba Bi Fundi alisema mbele ya wanawake wote, tena bila kupaza sauti, "Kaka yangu alirudi juu kwa ajili ya nyuki wa mtu."

Hakulirudia neno lile. Lingerudiwa mara ya pili lingejibiwa, na likijibiwa yangeisha. Likabaki limekaa pale chumbani pamoja nao, linakula nao, linalala nao.

Ubaya ni kwamba Mama Nyuki mwenyewe aliliamini. Asubuhi ile alikuwa amemwambia mumewe kuwa mizinga ya juu imejaa, imekuwa mizito, wiki hii turine asali. Sasa mtu anasikia hivyo asubuhi, mchana anaona moto, atafanya nini? Alilia mpaka machozi yakamkimbia. Na tangu siku hiyo akawa hawezi moshi. Fikiria, mtu aliyepuliza moshi kwenye mizinga maisha yake yote! Jirani akiwasha jiko tu, yeye anainuka, anatoka, anakwenda kusimama barabarani mpaka liwake vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa kuna habari ya mlima. Upande ule wa mlima ulikuwa wa baba yao Bi Fundi na marehemu, akaachiwa kaka, na kaka alipokufa ukabaki mkononi mwa dada. Haikupita wiki mchoma mkaa akaja. Watu wanamwita Gunia, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya tumbo lake, na yeye jina halimkeri, analiitikia kwa kicheko. Alikuja na ndoo ya chokaa, akapanda, akapaka alama nyeupe kwenye miti iliyoungua, mmoja baada ya mwingine.

"Nimempa yote," Bi Fundi alimwambia wifi yake, pini mdomoni, macho kwenye pindo. "Akimaliza bonde la pili anakuja hapa. Kwa hela yake nitakujengea chumba hapo nyuma. Bati jipya. Utakuwa na mlango wako."

Mama Nyuki aliacha kifungo. "Huenda haijafa, wifi."

"Nyeusi ile?"

"Nyeusi nje. Ndani hatujui."

"Mimi najua." Bi Fundi alitoa pini mdomoni zote. "Mimi sitaki kufungua mlango kila asubuhi nikatazamana na ile miti. Siwezi. Ikatwe, iondoke, nione mbingu."

Utambishia nini mtu kama huyo? Mlima ni wake, na aliyekufa ni wake. Tena chumba anachotaka kujenga si cha kwake, ni cha huyohuyo anayemlaumu. Mama Nyuki akarudi kwenye kifungo chake. Lakini moyoni alijua kwamba miti ile ikienda, hakuna ua litakalofunguka kule juu katika uhai wake, hakuna nyuki, hakuna ndege, na ngedere wale watabaki ombaomba wa dukani. Na yeye atabaki mshona vifungo kwenye chumba cha hisani, chenye bati jipya na mlango wake.

Basi tuje kwenye kabati. Kabati lile lilikuwa la mama yao, mama wa Bi Fundi na marehemu. Ndicho kitu pekee kilichotolewa nyumbani kwa Mama Nyuki siku ya moto. Vijana walilibeba mbiombio, ubavu mmoja umeshaungua, na nyuma pana tundu moto ulikotafuna ubao. Bi Fundi alikuwa akilitumia kuwekea sare za shule. Sare za watoto wote wa juu ziliungua, na shule ikimaliza kuondoa watu madarasani ilitaka kufunguliwa watoto wamevaa. Kwa hiyo cherehani haikupumzika, na kabati lilijaa mashati meupe na kaptura na sketi.

Siku moja Bi Fundi yuko sokoni kununua uzi, Mama Nyuki akatoa sare zote, akachukua msasa, akaukwangua ule ubavu mweusi mpaka mbao ikaonekana. Kisha akatoa bonge lake la nta. Alilifukua kwenye majivu ya nyumba yake, limechafuka, lakini nta ni nta. Kuiyeyusha motoni hakuthubutu. Akaianika juani kwenye bati mpaka ikalainika, akaichuja kwa kitambaa, akasugua kabati zima kwa tambara, nje, ndani, rafu, milango, pembe zote. Likang'aa.

Bi Fundi aliporudi alisimama. Akalipapasa kabati. Akafungua mlango, akaingiza kichwa. "Linanukia kama kwa mama," alisema. Wakati wa chakula kipande kikubwa cha nyama kilikwenda kwa wifi.

Hapa mfuga nyuki yeyote anayenisikiliza ameshashika kichwa. Sanduku la mbao, lenye giza, lenye tundu dogo nyuma, ukalipaka nta ndani! Hivyo ndivyo mzinga unavyotegwa. Mama Nyuki alikuwa amepaka mizinga namna ile tangu yuko msichana, na mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea bila kumwuliza mwenyewe. Wala hakuwaza. Nyuki watoke wapi, kwenye nchi yenye rangi ya tako la sufuria?

Mvua za kwanza zikanyesha. Majivu yakateremka mtoni, maji yakawa meusi, watu wakalalamika. Gunia naye akaja kupanga chumba cha jirani, misumeno yake imefungwa kwa magunia, akatangaza kwamba Jumatatu anaanza. Jumatatu hiyohiyo ndiyo ya shule kufunguliwa.

Jumamosi wifi hao wawili walikwenda shuleni kupima watoto wa mwisho. Walirudi saa za mchana wamechoka, Bi Fundi akaenda moja kwa moja kabatini kuweka kipimo chake. Akafungua. Akafunga. Akageuka polepole.

"Wifi," alisema. "Mle ndani kuna cherehani inajiendesha yenyewe."

"Nini?"

"Njoo usikie!" Sasa alikuwa anapiga kelele. "Njoo usikie balaa lako!"

Mama Nyuki aliweka sikio kwenye mlango wa kabati. Ule mvumo ukampanda mpaka kwenye meno. Alifungua upenyo mdogo tu, akawaona, kundi zima limejitundika kwenye rafu ya juu, wamefungamana miguu, wanapumua pamoja. Akaketi sakafuni palepale, akacheka, kisha akalia, kisha akawa hajui anafanya lipi.

"Unacheka!" Bi Fundi alikuwa ameshapanda juu ya kitanda, kana kwamba nyuki ni panya. "Sare za watoto wa watu zimo humo! Jumatatu nitawavalisha nini, asali?"

Gunia alisikia kelele akaja na ndoo yake ya chokaa mkononi. Nyuki mmoja tu alitoka kumtazama. Jamani, mtu mzito yule sijui alijifunza wapi kuruka. Ndoo ikabaki mlangoni imemwagika, mwenyewe akawa ng'ambo ya barabara anatoa ushauri. "Wamwagieni mafuta ya taa! Pigeni kiberiti!"

"Wewe umelogwa?" Bi Fundi alimfokea kutoka kitandani. "Kijiji hiki bado hakijakinai moto?"

Mama Nyuki aliinuka, akajifuta uso kwa kanga. Sauti yake ilikuwa nyingine, na Bi Fundi aliigundua. "Hawa hawafi," alisema. "Nataka gogo lenye uwazi ndani. Gunia, unalo?"

Gunia alikuwa nalo. Mchoma mkaa hakosi gogo. Alilibingirisha mpaka katikati ya barabara, akakataa kuvuka zaidi. "Nimekata miti tangu ujana wangu," alisema, "leo mmoja umepata kazi ya heshima." Mama Nyuki akalisafisha, akalipaka nta iliyobaki, akakata vifuniko viwili vya ubao. Jua likaanza kuteremka, nyuki wakarudi ndani wote, ukawa wakati mzuri wa kuwahamisha. Kikabaki kitu kimoja, moshi wa kuwatuliza.

Alitia matambara makavu kwenye kopo. Akashika kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikaanguka. Ya tatu akaishika tu bila kuikwaruza, na bado hata cheche hajaiona.

"Siwezi, wifi," alisema.

Bi Fundi alishuka kitandani. Akamtazama mkono, akamtazama uso. "Kumbe ndiyo maana unatoka nje majiko yakiwashwa?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unanikimbia mimi."

"Na wewe pia," Mama Nyuki alisema. Lilimtoka tu.

Bi Fundi akaguna, guno likageuka kicheko, na kicheko cha Bi Fundi ukikisikia huwezi kubaki umenuna. "Haya lete," alisema. "Lete hicho kiberiti, mwoga mmoja atosha kwa nyumba."

Akawasha yeye. Moshi ulipoanza kupanda Mama Nyuki alifumba macho, akashika ukingo wa meza. Wifi yake akaweka mkono mgongoni kwake, akauacha pale mpaka pumzi ikatulia. Kisha Bi Fundi akajifunga pazia la mteja kichwani, akashika kopo, akapuliza alipoambiwa apulize, huku anasali, anatukana, na kuuliza kama bado. Mama Nyuki akaingiza mikono mitupu kwenye kundi, akawachota taratibu, akawamimina kwenye gogo fungu kwa fungu. Alipompata malkia na kumwingiza, waliobaki wakaanza kutembea wenyewe kumfuata. Wote wawili waliumwa kidogo. Bi Fundi aliumwa puani, na pua yake tangu awali si ndogo.

Sare zilikuwa salama. Shati moja tu lilikutwa na kipande cha sega kimeanza kujengwa kwenye ukosi, cheupe, chepesi. Bi Fundi alikitoa kwa kucha, akakiweka kwenye kisahani, akakaa akikitazama. Aliyeshona tangu utotoni anajua kazi safi akiiona.

Asubuhi yake Mama Nyuki aliketi mbele ya gogo, alilolitundika nyuma ya nyumba, akiwatazama. Walikuwa wanatoka, wanazunguka, wanakwenda, wanarudi. Alisogea karibu. Miguuni walibeba vidonge vya chavua, vya njano na vingine vyekundu. Alimwita wifi yake, na Bi Fundi akaja na pua iliyovimba, akasimama mbali.

"Unaona miguuni? Hiyo ni chavua. Inatoka kwenye maua."

"Maua gani? Hapa hakuna hata jani."

"Ndilo ninalojiuliza na mimi." Alinyoosha mkono. Kila nyuki aliyetoka alipanda juu ya paa, akaelekea upande mmoja, na upande wenyewe ulikuwa mlimani.

Wakatazamana. Kati yao hakuna aliyekuwa amepanda kule tangu ile siku, si huyu wala yule. "Fuata nyuki ule asali," Bi Fundi alisema, lakini hakulisema kwa mzaha. Akaingia ndani kutafuta viatu.

Walipanda kwa tabu, majivu yaliyolowa yanateleza. Chini hapakuwa na kitu ila weusi na alama za chokaa za Gunia. Walikuta fuvu la digidigi. Walikuta viota vimekuwa unga. Bi Fundi akawa anavuta kanga usoni, na Mama Nyuki alitaka kumwambia turudi. Kisha wakakata kona ya mwamba. Jamani! Maua mekundu ya mviringo, yale yanayotoka ardhini kabla ya majani, yalikuwa yametoboa majivu kila mahali. Vichaka vilivyoungua vilikuwa vimechipua kutoka shinani, na vingine vina vimaua vya njano, na nyuki juu yake wanafanya kazi bila kujali kuwa kuna msiba. Mbali kidogo kanga wawili wa porini walikuwa wanafukua. Ndege mmoja, hata sikumbuki waliniambia wa namna gani, alikuwa anaimba.

Mbele yao, chini ya mti mkubwa, palikuwa na rundo la mawe. Wanaume ndio waliolipanga, pale walipomkuta marehemu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Bi Fundi ndiye aliyeinua kichwa kwanza, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza sindano.

"Wifi, mizinga yako ilikuwa wapi?"

Mama Nyuki alikuwa analia, akajibu kwa kidole. Ng'ambo ya korongo, juu kabisa, nyaya zilizoshika mizinga zilikuwa bado zinaning'inia. Kisha kidole chake kikabaki hewani. Alitazama nyaya. Alitazama mawe. Kutoka njia ya kushukia mpaka hapa, mtu anakuwa ameipa mizinga mgongo.

"Hakuwa anakwenda kule," Bi Fundi alisema.

"Hapana."

"Huku kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mawe tu."

"Sasa alikuwa anakwenda wapi?"

Mama Nyuki aligeuka kuitazama njia ya kushukia. "Siku ya kuja kuniposa," alisema polepole, "alipiga hodi nyumba ya jirani. Akakaribishwa. Akanywa chai. Akaanza kujieleza kwa baba wa mtu mwingine."

Bi Fundi aliweka mkono mdomoni. "Mimi nilimtuma kiberiti dukani yuko mkubwa mzima," alisema. "Duka liko mbele ya nyumba! Akarudi jioni, anatokea nyuma."

"Kwenye jua kali alikuwa anapotea."

"Sembuse kwenye moshi," Bi Fundi alisema. "Sembuse kwenye moshi, maskini kaka yangu!" Akakaa chini kwenye majivu na gauni lake zuri, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mama Nyuki akaketi kando yake. "Alikuwa anashuka, wifi," Bi Fundi alisema alipopata pumzi. "Alidhani anashuka. Alikuwa anakuja nyumbani." Akamshika wifi yake mkono, akaubana. "Na mimi nilisema lile neno mbele za watu. Nisamehe."

"Hata mimi nilijisemea hilohilo kila siku," Mama Nyuki alijibu. "Tusameheane wote."

Kabla hawajashuka, Mama Nyuki aliomba kisu. Bi Fundi hatembei bila kisu cha kukatia uzi. Alikwenda kwenye mti wa karibu wenye chokaa, akakwangua gome jeusi kidogo tu, upana wa ukucha. Chini yake palikuwa kijani, pamelowa. Akakwangua mwingine, nao kijani. Wa tatu ulikuwa mkavu, hudhurungi, umekwisha. Bi Fundi alichukua kisu akakwangua wa nne mwenyewe.

Jumatatu watoto walikwenda shule wamevaa, na lile shati lililokuwa na sega ukosini likagombaniwa na watatu. Gunia alikuwa ameshafungua misumeno yake. Alimkuta Bi Fundi mlangoni na mfuko wa vipande vya sare, vile vinavyobaki kwenye kukata, pua bado imevimba.

"Tumebadili maneno," Bi Fundi alimwambia. "Utakata iliyokufa tu. Iliyo hai tunaifunga kitambaa, na ukigusa yenye kitambaa utanijua mimi ni nani."

"Mama, mbona tulikubaliana?" Gunia alilalamika. "Nimemaliza ndoo nzima ya chokaa!"

"Chokaa unafuta kwa maji. Na tutapanda wote watatu, tuikague mti kwa mti, usije ukasema tumekuibia."

Gunia alikuna tumbo. Alitazama mlima, akatazama gogo lake nyuma ya nyumba na nyuki wakitoka na kuingia, akacheka. "Haya," alisema. "Lakini huyo mwenye mabawa asinisindikize."

Wakapanda. Mama Nyuki anakwangua, Bi Fundi anafunga, Gunia anahesabu yake kwa huzuni na kusema kila mara kwamba biashara imemfia mikononi. Si kwamba alikosa. Iliyokufa ilikuwa mingi, ya kumtosha, na ya kutosha hata chumba kidogo hapo nyuma, ambacho Mama Nyuki alisema kiwe cha kutengenezea mizinga, yeye kulala ameshazoea penye vitambaa. Jua lilipokuwa juu kabisa, mlima ulikuwa umejaa vipande vyeupe na vya buluu vikipepea kwenye miti myeusi, na ukitazama kutoka barabarani ungedhani shule imehamia kule.

Walifika kwenye mti mkubwa wenye mawe chini yake. Gunia akavua kofia. Mama Nyuki alikwangua gome taratibu kuliko mengine yote. Hudhurungi. Alishuka chini kidogo akakwangua tena, pakavu. Akapiga magoti, akafukua majivu kwa vidole mpaka kwenye mzizi, akitafuta hata chipukizi moja. Hapakuwa na kitu. Alibaki amepiga magoti pale, kisu mkononi, maana uongo ulikuwa haumo ndani yake, na makubaliano na Gunia yalikuwa makubaliano.

"Huu umekufa, wifi," alisema.

Bi Fundi alitia mkono mfukoni. Hakutoa kipande cha juujuu. Alichakura mpaka akapata kirefu kuliko vyote, cha buluu, akakizungusha kwenye shina, akafunga fundo, akafunga na la pili juu yake, akalivuta kuhakikisha limeshika.

"Haujafa," alisema. "Umepotea njia. Tuusubiri." Akamgeukia mchoma mkaa. "Una neno?"

"Sina neno, mama," Gunia alisema.

"Basi twende kwenye mwingine."